Umri Si Jibu

Shule nzima ya udereva ilimwita Mwalimu Breki, na jina hilo alilipata kwa haki. Gari la mafunzo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, na mama huyu alikuwa na mguu usiojua kuchelewa. Mwanafunzi akikanyaga mafuta badala ya klachi, au akifumba macho kabisa kwa kuona lori linakuja, kabla hajamaliza kupiga kelele gari limeshasimama. Na Mwalimu yuko pale pale, ametulia, anasema, "Fungua macho, mwanangu. Lori limepita. Tuendelee."

Wanaume wenye ndevu walishika usukani kwa mara ya kwanza mbele yake huku magoti yakigongana. Askari, mhubiri, hata bondia mmoja ambaye alilia kwenye mzunguko wa barabara. Mwalimu Breki hakuwahi kuogopa kitu ndani ya gari lile, mpaka alipoanza kuogopa kiti chake mwenyewe.

Mambo yalianza taratibu, mwaka mmoja hivi baada ya hedhi yake kukoma. Kwanza mwasho. Halafu hisia ya kukwaruzwa, kana kwamba nguo ya ndani imeshonwa kwa gunia. Halafu mkojo ukaanza kumchoma, na haja ikawa inamjia kila mara, hata katikati ya somo la kurudi nyuma. Asubuhi nzima juu ya kiti chenye joto, akishuka anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Akanunua mto wa kukalia. Wanafunzi wakadhani ni mgongo, naye akawaacha wadhani.

Chumbani ndiko kulikokuwa na msiba. Mumewe alikuwa fundi wa makochi, mtu mpole, mikono mikubwa, maneno machache. Mtaani walimwita Sponji. Miaka yote ya ndoa yao walikuwa watu wa kucheka wakizima taa. Sasa kila alipomsogelea, mkewe alihisi kama anapigwa msasa mahali pasipo na ngozi ya kupoteza. Mara ya kwanza alivumilia. Mara ya pili aliuma shuka. Iliyofuata sauti ilimtoka, mume akaacha palepale na kuuliza, "Nimekuumiza?"

"Hapana. Nimechoka tu."

Uongo huo mdogo ukazaa watoto: kichwa kinauma, mgongo umekaza, leo joto. Akajifunza kulala, au kujifanya amelala, kabla mume hajatoka bafuni. Naye Fundi akaanza kulala kwenye makochi ya karakana yake, nyuma ya nyumba, akisema ana kazi za kumalizia. Asubuhi walisalimiana vizuri, wakanywa chai vizuri, wakaulizana kama kuna sukari. Walikuwa kama wapangaji wawili wenye heshima.

Mwalimu hakukaa tu. Alikuwa mtu wa kutafuta, ila alitafuta gizani. Alidhani ni uchafu, akaanza kujiosha kwa sabuni ya dawa, asubuhi na jioni, mpaka ndani. Ikachoma zaidi. Akajaribu maji ya chumvi. Muuza vipodozi wa pale kituoni, mwanamke mwenye kucha ndefu na majibu ya kila kitu, alimnong'oneza: "Dada yangu, wewe umelegea. Mume amekuchoka. Chukua jiwe hili la shabu, saga, jipake. Utakuwa kama mwari." Akajipaka. Siku ile alikaa bafuni amejikunja, maji baridi yakimwagika miguuni, akiwa amebana taulo kwa meno ili majirani wasimsikie.

Kesho yake akaenda kazini hivyo hivyo.

Somo lilikuwa kuondoka mlimani. Mwanafunzi alikuwa muuguzi wa meno, msichana mwangalifu, wa mwisho ambaye ungetarajia ajali kutoka kwake. Gari likasimama katikati ya kilima. Msichana akaachia breki ya mkono, klachi ikamponyoka, gari likaanza kurudi nyuma. Mwalimu Breki alikuwa amekalia upande mmoja wa kiti, miguu ameipandanisha kwa sababu ya moto uliokuwa ukimchoma. Alipoikunjua, mguu ukachelewa. Pakasikika kishindo. Nguzo ya taa ilisimama vilevile, lakini taa ya nyuma ya gari ilikuwa chini, vipande vyekundu kama pipi iliyovunjika.

Hakuna aliyeumia. Msichana alilia na kuomba radhi mpaka Mwalimu akamshika bega. "Nyamaza. Wewe umefanya kosa la mwanafunzi. Mimi ndiye niliye hapa kwa ajili ya makosa ya wanafunzi."

Mkuu wa shule hakumfokea, na hilo lilimuuma kuliko kufokewa. Alisema tu, kwa upole, "Mwalimu, labda umechoka. Tunaweza kukuweka darasani, ufundishe alama za barabarani."

Darasani. Na fimbo ya kuonyeshea picha ukutani. Mwalimu aliomba kwanza apewe muda, akatoka nje akasimama kando ya gari lake, akaangalia pale palipokuwa na taa. Akajisemea kwamba nguzo haina watoto. Kama pale angekuwa amesimama mtu, je? Ukimya wake sasa ulikuwa umetoka chumbani ukaingia barabarani. Akafunga kibwebwe palepale: ugonjwa huu utatajwa jina, na mwenye kuutaja atatafutwa mpaka apatikane.

Kwenye zahanati ya karibu alimkuta tabibu kijana, shati limepigwa pasi vizuri, simu mkononi. Mwalimu alieleza kila kitu, hata habari za chumbani. Kijana hakumpima. Hakuinuka hata kitini. Alishaandika dawa ya mkojo kabla mama hajamaliza sentensi.

"Dawa hii nimeshaimeza mara mbili mwaka huu," Mwalimu alisema. "Mara ya mwisho mkojo wangu ulipopimwa haukuwa na kitu."

"Mama, una umri gani?" Akamtajia. Kijana akatabasamu. "Basi ni umri tu. Hedhi ikikoma, mambo yanakauka. Ni kawaida. Mwambie mzee naye apumzike sasa, mmeshazaa, mmeshalea." Akacheka kidogo, si kwa ubaya, bali kama mtu aliyezoea wateja wanaocheka naye.

Mwalimu hakucheka. Aliinuka, akafika mlangoni, akashika kitasa. Hapo ndipo wengi hutoka wakaenda zao, na yeye pia nusura atoke. Lakini aliikumbuka ile nguzo. Akageuka, akarudi, akakaa tena.

"Mwanangu," alisema, "baba yangu alipozeeka macho yake yalififia. Ule nao ulikuwa umri. Mbona alipewa miwani? Mbona hakuna aliyemwambia, mzee, umeshaona vya kutosha, sasa pumzika?"

 Kijana akaiweka simu mezani.

"Sijakuja kuomba ujana," Mwalimu akaendelea. "Nakaa kwenye gari kutwa nzima na roho za watu, na siwezi kukaa. Kama wewe hujui, si dhambi. Niandikie niende kwa anayejua."

Akaandikiwa. Kijana alimkabidhi karatasi ya rufaa huku shingo yake imebadilika rangi, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, mama." Mwalimu akaipokea samahani hiyo, maana alizoea wanafunzi wanaogonga vitu kwa mara ya kwanza.

Daktari wa wanawake, kwenye hospitali kubwa, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nzito na raba miguuni. Alimwacha Mwalimu azungumze mpaka mwisho, kisha akauliza maswali ambayo hakuwahi kuulizwa. Hedhi ilikoma lini? Kuna damu yoyote imetoka tangu hapo? Una kisukari? Umewahi kuugua saratani ya titi? Unatumia dawa gani? Na swali lililomfanya Mwalimu aangalie sakafu: "Unajiosha kwa kitu gani?"

Akataja: sabuni ya dawa, chumvi, shabu.

Daktari akafumba macho kama mtu aliyepigwa jiwe. "Shabu. Dada yangu, ile ni ya kukaushia. Wewe umekauka, ukaenda kununua ukavu."

Wakaangaliana. Aliyeanza kucheka ni Mwalimu mwenyewe, kicheko kilichomtoka tumboni na machozi juu yake, na daktari akamfuata. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu jambo lile kumchekesha.

Kipimo chenyewe alikiogopa. Daktari alimwonyesha chombo kwanza, kidogo kuliko alivyotarajia, akakilainisha, akasema, "Ukiniambia simama, nasimama. Sitauliza kwa nini." Mwalimu alisema simama mara moja, kujaribu tu kama ni kweli. Ilikuwa kweli. Baada ya hapo mapaja yake yakalegea yenyewe.

Walipokaa tena mezani, daktari alieleza bila kuzunguka. "Hili linaitwa ukavu ukeni. Si uchafu, si kulegea, si uchawi, wala si kwamba humpendi mumeo. Kuna homoni ya kike inaitwa estrojeni. Ndiyo iliyokuwa inafanya ngozi ya huko ndani iwe nene, laini, yenye majimaji yake. Hedhi inapokoma, homoni hiyo inashuka, na ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia. Ukiisugua inachubuka. Njia ya mkojo iko jirani, nayo inapata shida hiyo hiyo. Ndiyo maana unahisi kuchomwa hata kama hakuna wadudu."

"Wanawake wangapi wanapata?"

"Wengi. Nusu yao, pengine zaidi. Na si wa umri wetu tu. Anayenyonyesha anaweza kupata, aliyetolewa vifuko vya mayai anaweza, wa dawa za saratani pia. Wengi hawasemi. Wanabadilisha chumba cha kulala."

 Lile la chumba lilimpata Mwalimu palipo na kidonda.

"Sasa kazi," daktari akasema. "Kwanza, sabuni mwisho nje, tena isiyo na manukato. Ndani usiguse kitu, ndani kunajisafisha kwenyewe. Shabu katupe mbali hata kuku wasiione. Pili, kuna jeli ya kutunza unyevu. Unaitumia kila baada ya siku chache, iwe umekutana na mume au hukukutana, kama unavyopaka mafuta mikono yako. Tatu, kilainishi cha maji, hicho ni cha wakati wa tendo lenyewe, na usikionee huruma, mimina. Nne, nakuandikia krimu ya estrojeni ya dozi ndogo. Unaweka ndani kwa kifaa chake, kila siku mwanzoni, halafu unapunguza kama nitakavyokuonyesha. Inafanya kazi pale pale, inayoingia kwenye damu ni kidogo mno. Lakini si dawa ya kuazimisha jirani, umenielewa? Na ukiona damu, hata tone, usisubiri miadi. Njoo."

"Nitapona lini?"

"Utaanza kuona nafuu baada ya wiki kadhaa. Na si kupona kama malaria, ukaacha dawa ukasahau. Ni kutunza. Ukiacha, hurudi." Akamtazama. "Na kuna kitu kingine. Misuli yako imejifunza kuogopa maumivu. Inakaza kabla hata hujaguswa. Hiyo haina krimu. Inataka muda, na mtu mwenye subira upande wa pili. Mumeo anajua?"

"Hajui chochote."

"Basi hiyo ni dawa ya tano, na hiyo siwezi kukuandikia."

Kwenye duka la dawa palikuwa na foleni. Muuzaji, kijana mwenye sauti ya mpiga debe, alisoma karatasi na kupaza: "Kilainishi! Cha wapi hiki, mama? Cha bawaba au cha mnyororo?" Watu wakageuka. Mwalimu alihisi joto likimpanda usoni. Angeweza kusema cha bawaba akaondoka na mafuta ya mlango.

"Cha ukeni," alisema, kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mwanafunzi apunguze mwendo. "Na hiyo jeli ya unyevu, ya ukeni pia. Krimu nayo ni ya huko huko."

 Mzee mmoja akaanza kusoma kwa makini maelezo kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Kijana akaleta vitu. Mwalimu alipokuwa anaondoka, mwanamke aliyebeba mtoto mchanga akamvuta mkono wa blauzi na kumnong'oneza, "Shangazi, umesema inaitwaje hiyo? Hata anayenyonyesha anaruhusiwa?"

"Ile jeli na kilainishi ndiyo. Krimu muulize daktari," Mwalimu alisema. Kisha akaongeza, "Tena mwulize kwa sauti."

Lakini kumwambia Fundi kulikuwa kugumu kuliko duka zima. Nyumbani kila akianza, anasikia sauti yake ikisema kuna sukari? Mwishowe akaamua kutumia mahali anapojiamini. Jumapili mchana akaomba gari la shule, akamchukua mumewe mpaka uwanja wa mazoezi, ambao siku hiyo haukuwa na mtu, ila vibao vya plastiki vimelazwa pembeni. Akazima injini, akahamia kiti chake cha mwalimu. Fundi alikaa kiti cha mwanafunzi, magoti yamegusa usukani, akisubiri kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi.

"Kama unataka kuniacha," Fundi alisema ghafla, macho mbele, "niambie tu. Usinizungushe na gari."

Mwalimu akamgeukia. "Nani kakuambia nataka kukuacha?"

"Hukuhitaji kuniambia. Nikikugusa unajikunja. Nilidhani ni harufu ya gundi ya makochi. Nimebadilisha sabuni, nimejisugua kwa limau mpaka mikono imepasuka. Nikaona haisaidii. Nikasema, basi, mtu hawezi kulazimishwa. Bora nilale huko, asiwe analala kwa hofu kwake mwenyewe."

Mwalimu akaangalia mikono ile. Kweli, vidole vilikuwa na mipasuko, na yeye alikuwa ameiona kila siku mezani, akadhani ni kazi. Akaichukua, mmoja mmoja, akaiweka mapajani mwake.

"Fundi, nisikilize, usinikatize mpaka nimalize. Naumwa. Siyo wewe, siyo gundi. Huku chini nimekauka, ngozi imekuwa nyembamba. Kukaa kunaniuma. Kukojoa kunaniuma. Na tukiwa pamoja, kunauma kama kupigwa msasa. Nilikudanganya kwamba nimechoka kwa sababu niliona aibu. Nilidhani nimekwisha."

 Fundi akauliza, "Siku ile sauti ilipokutoka, nilikuwa nimekuumiza?"

"Ndiyo."

"Na ukaniambia hapana."

"Ndiyo."

"Usinifanyie hivyo tena, Mwalimu." Hakuwa na hasira, alikuwa anaomba. "Bora uniambie toka, kuliko kuniacha nikuumize bila kujua. Mimi ni mtu gani basi?"

Hapo alilia, mtu mzima na mikono yake mikubwa, na mkewe naye, huku vioo vya gari vikipata ukungu na mbwa mmoja akipita uwanjani bila kuwajali. Walipomaliza, Mwalimu akatoa mfuko wa dawa na kumweleza kila kimoja, kama daktari alivyomweleza yeye. Fundi akakishika kilainishi, akakigeuza, akasoma, akakiminya kidogo kidoleni. Mtu wa kazi za mikono huamini kidole kwanza.

"Kwa hiyo tatizo lilikuwa kitambaa kimechakaa," alisema polepole, "nami napiga misumari."

"Fundi!"

"Nisamehe. Naelewa kwa lugha ya karakana."

Alirudi chumbani siku ile ile, lakini kwa makubaliano: mpaka Mwalimu mwenyewe aseme, ni kulala tu. Mwalimu akatupa shabu, akatupa sabuni ya dawa. Jeli aliitumia kwa ratiba, krimu vilevile, hata siku alizochoka na kuona anajidanganya. Wiki za mwanzo hakuona kitu. Akawa karibu kukata tamaa, akampigia daktari simu, akaambiwa, "Nani kakuambia mti unachipua siku ya kumwagiwa maji? Endelea." Akaendelea. Kisha siku moja alimaliza masomo ya asubuhi, akala chakula cha mchana, akarudi garini, ndipo akagundua kwamba mto wa kukalia aliusahau nyumbani. Hakuwa ameukumbuka asubuhi nzima.

Jaribio lao la kwanza halikufanikiwa. Kilainishi walimwaga kingi mno, Fundi akateleza akagonga kiwiko, na Mwalimu misuli ikamkaza kwa hofu ya zamani. Akasema, "Simama." Fundi akasimama, bila kuuliza kwa nini. Wakalala wameshikana mikono, wakacheka kiwiko. La pili lilikuwa nafuu. Lililofuata, Mwalimu hakusikia maumivu hata chembe, akakaa kitandani akimwangalia mumewe kwa mshangao, na Fundi akaogopa: "Nini tena?" Akamjibu, "Hakuna. Hakuna kitu, Fundi. Ndiyo habari yenyewe."

Sasa, Fundi alikuwa na dada mkubwa, mwanamke mkavu wa maneno, ambaye zamani aliwahi kutibiwa saratani ya titi akapona, na tangu hapo alijiona ana haki ya kumwambia yeyote chochote. Habari za ndugu yake kulala karakana zilikuwa zimemfikia, zimechelewa kama kawaida ya umbea. Akaja jioni moja, akakaa kwenye kochi, mkoba mapajani, akaanza bila hata kumaliza maji aliyopewa.

"Wifi, mimi sipendi kuzunguka. Ndugu yangu analala na makochi ya watu. Mwanamume akinyimwa ndani hutafuta nje. Una mtu?"

Zamani Mwalimu angenyamaza, au angewaka. Safari hii alivuta kiti akakaa karibu yake.

"Sina mtu, wifi. Nilikuwa na ukavu ukeni." Akamweleza mwanzo mpaka mwisho: kiti, nguzo, tabibu, shabu, krimu. Hakuficha hata kiwiko. "Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi kuzaa nimeshazaa. Nilitaka kukaa tu bila kuungua. Na ndugu yako ameacha kulala karakana."

Alitarajia kukemewa. Lakini wifi alikuwa anaangalia mkoba wake, akifungua zipu na kuifunga.

"Mimi," wifi alisema mwishowe, sauti imeshuka mpaka haikuwa yake, "tangu zile dawa. Vidonge vile vya baada ya upasuaji. Nilimwambia mume wangu saratani imerudi, ili asinisogelee." Akaifungua tena zipu. "Haikurudi. Nilimwacha miaka yote akidhani nakufa, kwa sababu lile lilikuwa rahisi kulisema."

 Wifi huyu, aliyewanyoosha watu wote wa ukoo, alikuwa amejikunja kwenye kochi kama shuka lililokamuliwa. Mwalimu akamshika mkono.

"Ile krimu," wifi akauliza, "unaweza kunigawia kidogo? Niijaribu tu."

"Hapana."

"Wifi, mbona roho mbaya?"

"Si roho mbaya. Ile ina homoni, nawe ulikuwa na saratani ya titi. Daktari alisema si ya kuazimisha. Twende ukaulizwe maswali yako mwenyewe. Kesho nina nafasi asubuhi."

"Kesho nina shughuli."

"Shughuli gani?"

Wifi akafikiri, akatafuta, akakosa. "Haya," alisema. "Lakini mimi ndani sitaweza kuzungumza. Utanisemea."

"Sitakusemea. Nitakupeleka, nitakusubiri."

Wakaenda. Daktari mwenye raba alimpokea wifi mlangoni, na Mwalimu akabaki kwenye benchi la ukumbini, kati ya mama mjamzito na mzee aliyemsindikiza mkewe. Muda ukapita. Kupitia mlangoni ilisikika kwanza sauti ya daktari peke yake, ikieleza kwamba kwake yeye wataanza na jeli na kilainishi visivyo na homoni, na kwamba habari ya krimu haitaguswa mpaka wazungumze na daktari wake wa saratani.  Halafu sauti ya wifi, kwanza ndogo, ikapanda, ikapanda, mpaka benchi zima likainua vichwa:

"Na je, daktari, nikishatumia hivyo vyote, huyo mume wangu nitamwambiaje? Maana yeye anajua nakufa!"

Mama mjamzito akaziba mdomo. Mzee akamwangalia mkewe, mkewe akaangalia dari. Mwalimu Breki alifungua chupa yake ya maji, akanywa taratibu, akajinyoosha vizuri kwenye benchi gumu. Muda alikuwa nao, na kiti hakikumsumbua.